Dakika Hamsini na Nane

Zuberi alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Mwanjelwa, nimeifungua UPS ya mteja, na mteja mwenyewe kasimama mbele yangu analalamika kwamba mashine inaonyesha betri imejaa lakini umeme ukikatika nayo inazima papo hapo. "Atu," Zuberi akasema, "Fundi Exaud ametutoka. Tunazika Ijumaa." Nikasema poleni, nikaitema ile pole kama kokwa. Umri umeniondolea aibu, kwa hiyo nitasema ukweli: sikusikia huzuni. Nilisikia hasira ileile, iko palepale nilipoiacha miaka ishirini na kitu iliyopita, haijapungua hata chembe. Zuberi akaendelea, kwa sauti yake ile ambayo zamani iliunyamazisha mji mzima wa Iringa, kwamba wafanyakazi wenzetu wa redio wanaomba mimi niseme neno msibani, maana ndimi niliyefanya kazi na marehemu kwa karibu. Kwa karibu! Nikamwuliza, "Zuberi, umesahau au unanichokoza?" Akasema, "Dada, mtu ameshakufa." Kwetu hilo ndilo jibu la kila kitu. Mtu akishakufa mabaya yake yanafukiwa naye, na wewe unayeyakumbuka ndiye unayeonekana mchawi. Nikamrudishia mteja mashine yake ikiwa wazi vilevile, nikamwambia arudi Jumatatu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti kipya cha ufundi umeme, nikatoka Mbeya kwenda Iringa kufanya kazi kwenye redio ndogo ambayo leo haipo tena. Ilikuwa ndani ya nyumba ya kuishi watu, kwenye mteremko wa njia ya Kihesa. Sebule ilikuwa mapokezi. Chumba cha kulala kilikuwa studio, kuta zake zimegongomelewa magodoro ili kuzuia mwangwi. Na bafu, lenye vigae vyeupe na tundu la maji katikati ya sakafu, ndilo lilikuwa chumba cha umeme. Humo, juu ya mbao mbili, ilikaa UPS yetu, kubwa kiasi cha friji ndogo, na dada wa mapokezi alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi, maana hakuna chombo cha maana katika nyumba ya Mtanzania kitakachoachwa uchi. Kazi yake haikuwa ngumu kuielewa. Ndani mna betri. Umeme ukikatika, betri zinabeba studio na mtambo mpaka jenereta iwashwe. Jenereta nayo ilikuwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba, ya kuvutwa kwa kamba, na kuiwasha kulimtaka mlinzi, nguvu na sala, dakika tano hivi Mungu akipenda. Usoni mwa UPS kulikuwa na skrini ndogo ya kijani iliyoonyesha dakika zilizobaki. Siku niliyofika ilisema hamsini na nane. Nikafurahi, mjinga mimi.

Aliyenionyesha chumba kile ni Exaud, fundi mkuu, mwanamume mrefu wa makamo aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima. Mkono wake ulikuwa mzuri, sitamnyima hilo; mnara wa redio aliusimamisha yeye, akapanda hadi juu bila mkanda. Lakini kiburi! Aliniita "binti" tangu siku ya kwanza, na jina langu sijui kama alilijua. "Betri hizi meneja alitaka kuzitupa," akaniambia. "Nimezifufua." Nikauliza amezifufuaje. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye bati la kibanda cha jenereta. Alizianika! Siku tatu juani, kama watu wote tulivyokuwa tukianika betri za redio na tochi. Nyumba gani ya nyanda hizi haikuwa na betri zimepangwa juu ya bati au kwenye ukuta wa banda la kuku, zinaota jua ili zimalizie wiki? Kwa betri zile ndogo za dukani jua linasaidia kidogo, hilo kweli. Za UPS ni za aina nyingine kabisa, na joto ndilo linaloziua. Lakini alipoziteremsha alizipima kwa mita zikiwa hazina mzigo, yaani hazilishi chombo chochote, zikasoma volti kumi na tatu kasoro, akatangaza kwamba ni nzima. Meneja akamsifu mbele ya wafanyakazi wote. Betri mpya hazikununuliwa.

Nilikaa wiki mbili nikiitazama ile hamsini na nane, siiamini. Redio ilikuwa inapumzika kuanzia saa nne hadi saa sita mchana, basi siku moja katikati ya mapumziko nikawasha vyombo vyote vya studio, nikachomoa UPS ukutani, nikashika saa. Ilizima dakika ya tisa. Skrini ilikuwa bado inasema arobaini na tisa! Nikafungua menyu ya betri, na hapo nikaona alichofanya mzee. Mashine ya namna ile haiwezi kuitazama betri ikajua uzee wake. Inapiga hesabu kwa kile ulichoiambia. Exaud alikuwa ameiambia kwamba betri ni mpya, na ukubwa wake akauandika mara mbili ya ulioandikwa ubavuni mwa betri zenyewe. Kengele ya tahadhari aliiweka ilie zikibaki dakika tano, lakini tano za hesabu ya uongo hazifiki kamwe, betri zinakufa zamani. Nikaandika ukubwa wa kweli uliobaki, namba ikashuka hadi tisa, nikaiweka kengele ilie umeme unapokatika tu, palepale, ili mlinzi akimbie. Nikamfuata mzee na shikamoo yangu, nikamweleza kwa adabu. Akanisikiliza akitafuna njugu. "Binti," akasema, "cheti chako kimewahi kupanda nguzo?" Mchana nilipopita bafuni, namba ilikuwa hamsini na nane tena, na kengele imenyamazishwa.

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza, na viliendelea miezi minne. Asubuhi saa moja na nusu, kabla hajafika, ninainua kitambaa cha maua, ninaweka tisa. Adhuhuri yeye anapita, anaweka hamsini na nane. Hatukusemezana juu yake. Nilikuwa na daftari la mistari, na kila siku niliandika: tarehe, nimekuta ngapi, nimeweka ngapi, nimekuta imerudishwa. Nilifanya na jambo jingine la siri: nilimwomba Zuberi, ambaye ndiye alikuwa akisoma matangazo ya vifo saa saba mchana, kwamba umeme ukikatika karibu na saa hiyo asisubiri, aniite. Maana matangazo ya vifo hayakuwa kipindi cha mchezo. Nilipopanga, Kihesa, mama mwenye nyumba alikuwa mtu wa maneno asiyepumua, lakini ikifika saa saba alisema "Nyamazeni!" na uani kila kitu kilisimama, mwiko ukiwa ndani ya ugali. Kupitia ukuta nilikuwa namsikia siku za Jumapili akirudia baada ya Zuberi: familia ya fulani, wa Ifunda, wa Kalenga, habari ziwafikie walioko Makambako, walioko Dodoma. "Huyo namfahamu," anasema. "Tulisali naye." Simu za mkononi zilikuwa za wenye uwezo. Mtu alizikwa kesho yake mchana, na aliyekuwa mbali alikuwa na hicho kipindi tu cha kumwambia apande gari.

Siku iliyoniharibu ilikuwa ya chai ya saa nne. Chumba cha chai kilikuwa jiko la zamani la nyumba ile, lina meza ya mbao na benchi mbili, na Jumanne palikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Siku iliyotangulia nilikuwa nimechoka na ule mchezo, nikaandika karatasi kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye UPS: BETRI ZINA DAKIKA TISA TU. USIBADILISHE. Exaud aliingia nayo mkononi. Akasimama kichwani pa meza, akaisoma mbele ya watu wote kwa sauti ya mtoto wa chekechea anayejifunza silabi: "Be-tri. Zi-na." Watu wakacheka. Akaisoma mpaka mwisho, halafu akaitandika mezani, akaweka juu yake viazi vyake viwili vya moto, akavimenya hapohapo, maganda yakianguka juu ya mwandiko wangu. "Karatasi nzuri," akasema. "Binti, niongezee chai." Zuberi naye alicheka. Nilimwongezea chai. Nyingine niliimwaga kwenye kisosi, wakacheka tena. Leo mimi ni mama wa watu wazima, nina mafundi watatu chini yangu, lakini nikikumbuka yale maganda ya viazi naona giza.

Kesho yake asubuhi niliingia bafuni saa moja na nusu kama kawaida. Nikainua kitambaa. Hamsini na nane. Nikaweka kidole kwenye kitufe. Nilijua mchana ule meneja anakuja na wageni kutoka Dar es Salaam kuangalia redio, na Exaud atawatembeza. Nikasema moyoni, aone. Umeme ukatike leo, mashine imzimikie mikononi mbele ya wageni, aone. Nikarudisha kitambaa, nikafungua daftari, na kwenye mstari wa siku ile nikaandika kwa mwandiko safi: nimekuta hamsini na nane, nimeweka tisa. Niseme tena ili isije ikasomwa vibaya: sikuweka. Niliandika uongo, kisha nikaenda kunywa chai.

Umeme ulikatika saa saba kasoro dakika tano. Wageni walikuwa hawajafika. Nilikuwa jikoni peke yangu na sahani ya ugali na maharage, nikasikia dada wa mapokezi anachungulia bafuni na kumpigia kelele mlinzi aliyekuwa naye anakula: "Kula tu, baba, bado hamsini na nane!" Zuberi naye alimsikia, hakuniita kama tulivyoagana, akaanza wimbo wa kufungulia matangazo. Nilikuwa na dakika tisa za kusimama na kusema washeni jenereta. Maneno mawili! Nilikaa. Sikuwafikiria wafu wa siku ile wala watu wao. Nilimfikiria Exaud tu, kwamba kumbe wageni wamechelewa na fedheha niliyomtakia itapotea bure. Zuberi alikuwa na matangazo sita. Alisoma la kwanza, akasoma la pili, akavuta pumzi ya la tatu, na nyumba nzima ikawa kimya. Kompyuta ya studio iliyokuwa inaendesha kila kitu haikuamka tena. Tulirudi hewani kesho yake jioni.

Siku ya tatu alikuja kijana mmoja, umri wangu, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Alikuwa na redio ya mkono, akaiweka juu ya meza ya mapokezi taratibu. Aliitwa Festo, mtu wa Idodi, analima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Mama yake alikuwa amefariki Idodi alfajiri ya siku ile, na tangazo lake lilikuwa la nne. "Nilikuwa nasikiliza," akasema. "Mliponyamaza nilidhani ni betri zangu zimekwisha. Nikazitoa, nikazianika kwenye bati. Nikakaa nazisubiri zipate moto. Jioni nikajaribu, kimya. Nikasema basi, nitanunua nyingine gulioni." Habari zilimfikia kwa dereva wa lori siku ya pili jioni. Alipofika Idodi alikuta watu wanakunja maturubai. "Nani hapa anahusika na umeme?" akauliza. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Meneja akatuita wote ofisini. Exaud akakiri kwamba betri ni za kuanika na kwamba namba alikuwa akiibadilisha. "Lakini siku ile sikugusa," akasema. "Nilishughulika na maandalizi ya wageni tangu asubuhi. Naapa siku ile sikugusa." Nikafungua daftari langu. Miezi minne ya mistari iliyonyooka, na wa mwisho ukasema nimeweka tisa. Meneja akausoma kwa sauti. Exaud akanitazama, na kwa mara ya kwanza akaniita kwa jina. "Atupele," akasema, "sema kweli." Nikasema, "Imeandikwa hapo, mzee." Alirudisha funguo siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata funguo zilikuwa mfukoni mwangu, na kitambaa cha maua nilikitupa.

Nimesema nilikuwa na hasira naye, na bado ninayo. Watu wanadhani ukimkosea adui yako basi uadui unakwisha, unabaki na majuto. Wapi! Vinakaa vyote viwili, chumba kimoja, havisalimiani. Nilifika Iringa Alhamisi mchana na vitenge vyangu, nikaingia ndani kwa wanawake. Mjane, Mama Neema, alikuwa amekaa kwenye godoro sakafuni, akanipa mkono. "Atupele. Umekuja." Nikasema pole mama, Mungu akutie nguvu. Akanivuta karibu. "Festo sijamwona," akasema, "nashangaa." Nikamwuliza Festo gani, ingawa moyo ulishajua. Akanieleza kwamba Exaud, baada ya kufukuzwa, alishuka Ruaha Mbuyuni kumwomba yule kijana radhi, akatimuliwa kwa jembe. Mwaka uliofuata akashuka tena, akatukanwa. Wa tatu akapewa kiti. Mwishoni wakawa ndugu, kila mavuno anashuka na kurudi na gunia la vitunguu. "Alimwambia kosa ni lake lote," akasema. "Mimi nikamwuliza, baba Neema, mbona hapa nyumbani unasema siku ile hukugusa? Akanijibu, betri nilizianika mimi." Kisha akanitazama usoni, macho yamevimba. "Siku ile aligusa, Atupele?" Nikasema, "Ni zamani mno, mama. Sikumbuki." Akaniachia mkono. Nje nilimsikia mtu anamwuliza Zuberi kama Festo ameambiwa, Zuberi akasema, "Nimeweka kwenye grupu, wote wameona." Grupu lile ni la wafanyakazi wa zamani wa redio. Mimi nimo. Festo hayumo, nilijua hayumo, nami nilikuwa na siku nzima mkononi na barabara ya lami mpaka mlangoni kwake. Nilinyamaza, maana sikutaka kumwona makaburini. Ijumaa nilisimama nikasema neno, nikamwita marehemu mwalimu wangu, na watu wakaitikia amina.

Jumamosi nilikwenda stendi kupanda gari la kurudi Mbeya. Nilikaa kwenye benchi, la kwanza likaondoka, la pili likaondoka. Mwisho nilipanda la Morogoro, tukateremka mlima wa Kitonga, nikashuka Ruaha Mbuyuni kwenye joto la saa saba. Sikuuliza mara mbili, Festo wanamjua. Alikuwa chini ya turubai kando ya barabara, anachambua vitunguu, vibovu huku, vizima kwenye nyavu nyekundu, kichwa kimejaa mvi. Akaniangalia. "Wewe ni wa redio," akasema. "Wewe ulikuwa na daftari." Akacheka, akanifutia kigoda kwa kiganja, akamwagiza mtu soda. "Karibu, karibu sana. Fundi hajambo? Alisema kifua kinamsumbua, nikamwambia ashuke huku kwenye joto. Gunia lake nimeshamtengea, lile pale." Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nianze na bafu, nianze na namba. Yote yakaniruka. "Fundi amefariki, kaka," nikasema. "Jumatano." Akashika kitunguu kimoja, hakukitupa huku wala huku. Akasimama, akajipangusa suruali, akatafuta viatu vyake kwa macho. "Mnazika lini?" akauliza. Nikamwambia tumezika jana. Akakaa. Nikamwambia na lile jingine, lote, kitufe, mstari wa daftari, dakika tisa nilizokaa na ugali wangu, na Alhamisi ya juzi pia. Alinisikiliza hadi mwisho. Soda ikaletwa, akampa ishara yule aliyeileta airudishe. "Dada," akasema, "magari ya Iringa yanasimama ng'ambo ile," akainama kwenye vitunguu vyake.